Kabla Hujanunua Mashine Kuukuu ya Boti: Jinsi ya Kujua Kama Inafufulika

Kwenye fukwe za Kyela, Ziwa Nyasa, kuanzia Itungi na Mwaya hadi Matema, mashine ya kupachika iliyotumika haikosi muuzaji. Nyingi ni za mipigo miwili, za farasi 15, 25 au 40, na sifa ni ile ile: ukivuta kamba mara mbili inawaka. Kuwaka si kipimo. Mashine iliyochoka vibaya huwaka vizuri tu ikidondoshewa petroli kwenye kabureta, na mashine nzima inaweza kugoma kwa sababu ya plagi chafu. Kinachoamua ni vitu vitatu ambavyo spea zake ni ghali au hazipatikani: bloku (chuma chenye silinda), kranki (shafti inayozungushwa na pistoni) na mguu (sehemu ya chini yenye gia na propela). Hivyo vikiwa vizima, vilivyobaki utavinunua dukani. Kimoja kikiwa kimekufa, iache hata kama inauzwa kwa bei ya chuma chakavu.

Usijidanganye pia kwamba unataka ya matumizi madogo tu. Ukitoka Matema kuelekea Lupingu, milima ya Livingstone inashuka moja kwa moja ziwani na mahali pa kupandisha boti ni pachache. Upepo wa kusini wa Mei hadi Agosti hauulizi kama mashine yako ni ya matumizi madogo.

Spea kwanza, mashine baadaye

Kabla ya kuigusa mashine, piga simu dukani. Soma modeli kwenye kibao cha bano, pale mashine inaposhikana na boti, kisha uulize vitu vinne: pistoni za ovasaizi (kubwa kidogo kuliko za awali, kwa silinda iliyochongwa), gasketi seti, seti ya pampu ya maji, na gia ya mbele pamoja na klachi yake. Ukipata vyote, endelea. Yamaha Enduro ndiyo rahisi kuliko zote kwa upande huu, na mashine nyingi za Kichina za farasi 15, Parsun ikiwemo, zimefuata umbo lake hadi vipuri vingi vinaingiliana. Evinrude iliacha kutengenezwa mwaka 2020. Nyingi bado ni imara, lakini utakuwa unategemea vipuri vya kuagiza au vya kunyofoa kwenye mashine nyingine, na msimu wa dagaa hautakusubiri.

Kibao hicho hicho kina namba ya mashine. Kikiwa kimebanduliwa au namba zimekwanguliwa, ondoka. Iliyovuka kutoka Malawi kupitia mpaka wa Kasumulu lazima iwe na karatasi za forodha. Mauziano yaandikwe ofisi ya kijiji, namba ya mashine ikiwa ndani ya maandishi.

Halafu pima urefu wa mguu, jambo ambalo wengi hulikumbuka fedha zikishatoka mfukoni. Mguu mfupi hufaa ubao wa nyuma wa boti wenye kimo cha inchi 15 hivi, mrefu inchi 20. Mguu mfupi kwenye boti ya ubao mrefu wa nyuma utanyonya hewa kila wimbi likipita, na mashine inayonyonya hewa haipozwi.

Imetoka ziwani au baharini?

Maji ya Nyasa si ya chumvi kama ya bahari, ile inayokula aluminiamu, ndiyo maana mashine iliyofanya kazi huku miaka kumi inaweza kufunguka kwa spana ya kawaida. Ila mashine nyingi zinazouzwa Mbeya zimepanda na malori kutoka pwani. Vua kofia ya mashine utazame kuzunguka vichwa vya bolti: unga mweupe na rangi iliyofura maana yake chumvi imeingia kati ya bolti ya chuma na bloku ya aluminiamu. Bolti hizo hukatikia ndani. Kuitoa moja iliyokatika, kutoboa na kutengeneza uzi upya ni kazi ya nusu siku, na silinda hedi ina bolti kadhaa.

Kipimo chake ni chepesi. Omba ruhusa ya kushusha mguu, yaani kuufungua utoke kwenye mashine. Paka mafuta ya kulainisha kutu, subiri robo saa, kisha legeza bolti zake. Zikifunguka bila kulia, mashine hii inafunguka. Muuzaji akikataa usiushushe mguu, umepata jibu.

Mguu

Hapa usiwe na haraka. Mashine ikae wima usiku kucha. Asubuhi weka karatasi nyeupe chini ya skrubu ya chini ya kutolea oili ya gia, uilegeze kidogo tu bila kuitoa, matone ya kwanza yaangukie karatasini. Maji ni mazito kuliko oili, hivyo yakiwemo yatatangulia. Oili ya dhahabu, au iliyogeuka nyeusi kwa kutumika, haina maji. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa ina maji, na maji huingia kwa sili ya shafti ya propela, sili ya juu ya shafti wima, au washa ya skrubu yenyewe. Sili ni bei ndogo. Swali ni maji yamekaa humo muda gani. Paka oili kidogo kati ya vidole. Ukungu laini wa chuma kwenye ncha ya skrubu ni wa kawaida, lakini vipande unavyoweza kuviokota kwa kucha ni meno ya gia.

Ingiza gia ya mbele, shika propela kwa nguvu na ujaribu kuizungusha huku na huku. Ikishika kisha ikaachia kwa mlio wa "tak", meno ya klachi yameshakuwa mviringo na gia itaruka ukifungua mafuta yote, yaani ukizungusha mpini wa mwendo hadi mwisho. Rudisha nyutro, weka penseli karibu na ncha ya shafti, zungusha polepole. Shafti inayocheza kwa macho imepinda, na itaua kila sili mpya utakayoifunga.

Mguu ukiwa chini, fungua pampu ya maji. Boti zinazopandishwa kwenye mchanga, kama ilivyo Matema, huvuta mchanga kila zinapoondoka, na mchanga huchimba mifereji kwenye kikombe na bamba la chini. Impela (feni ya mpira inayosukuma maji) mpya ndani ya kikombe kilichochimbika haisukumi maji ya kutosha, kwa hiyo nunua seti nzima.

Mgandamizo, na kosa la Mbeya mjini

Tafuta geji ya mgandamizo yenye uzi wa milimita 14; mafundi wa magari wanayo. Toa plagi zote mbili, shikiza waya zake kwenye chuma cha injini ili CDI (kisanduku kinachotoa umeme wa cheche) isiungue, fungua mafuta yote hadi mwisho. Mashine nyingi haziruhusu kufungua yote zikiwa nyutro, hivyo ishikilie kabureta wazi kwa mkono. Vuta kamba kwa nguvu mara tano au sita hadi mshale uache kupanda. Rudia silinda ya pili.

Nyingi zenye afya husoma kati ya psi 90 na 130. Namba yenyewe si kitu kikubwa kama tofauti kati ya silinda: 105 na 100 ni nzuri, 115 na 75 si nzuri ingawa moja inang'aa. Tofauti isizidi asilimia 10. Iliyo chini itie kijiko cha chai cha oili kupitia tundu la plagi, vuta tena. Ikipanda sana, ringi au silinda imelika. Isipopanda, shuku gasketi ya hedi.

Sasa, ukipimia karakana ya Mbeya mjini uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya tano. Mashine inayosoma 115 pwani itasoma kama 95 hapo. Usiikatae kwa hilo. Ziwani, mita 470 na ushei, itapanda tena. Hatari iko upande wa pili: kwa hewa hiyo nyepesi mashine itatoa moshi na kukohoa, na fundi atataka kupunguza petroli kwenye kabureta. Mkatalie. Ukiteremka nayo Kyela itakuwa inapata petroli pungufu, na pamoja na petroli inapata oili pungufu. Hivyo ndivyo pistoni zinavyotoboka.

Kranki

Shika flaiwili (gurudumu zito lililo juu ya kranki) uitikise kwa pembeni. Mchezo wowote unaousikia mkononi ni beringi za kranki. Kisha ingiza kijiti cha plastiki kwenye tundu la plagi kikae juu ya pistoni, zungusha flaiwili kidogo mbele na nyuma pistoni ikiwa karibu na juu. Ukisikia kugonga kabla kijiti hakijasogea, koni rodi (mkono unaounganisha pistoni na kranki) imelegea. Kranki za mashine hizi zimeunganishwa kwa kukandamizwa. Kuibomoa na kuirudisha inahitaji presi na kunyooshwa kwa geji hadi kiwango cha sehemu chache za mia za milimita. Karakana yenye lethi pekee haiwezi, na nyundo ndiyo kabisa. Kranki mbovu inahitaji kranki nzima, na hapo hesabu ya kufufua huwa imekufa.

Mulika pia kwa tochi kwenye tundu la plagi. Mistari midogo inayofuata mwendo wa pistoni huondoka silinda ikichongwa. Mfereji ambao kucha inakwama, au kilima cha aluminiamu iliyoyeyukia ukutani, ni mashine iliyowahi kunoki, yaani pistoni kugandia ndani ya silinda. Huenda bado inafaa, kwa sharti la ovasaizi. Chanzo chake uliza: oili haikutiwa, maji hayakufika, au petroli ilichakachuliwa na mafuta ya taa. Zipo modeli zilizotengenezwa kutumia mafuta ya taa zikishapata moto. Ya petroli haiwezi kazi hiyo.

Mwisho iwashe ndani ya pipa la lita 200, maji yakifunika bamba lililo juu ya propela. Kamwe usiiwashe kavu, impela huungua kwa sekunde. Maji ya kupoozea yatoke mapema na kwa nguvu. Baada ya dakika kumi uweze kugusa hedi bila kuruka.

Hesabu

Bei ya mashine mpya ya ukubwa huo iite 100. Muuzaji anataka 30. Pistoni, ringi, beringi ndogo, gasketi, sili, pampu na kabureta 15. Kuchonga 5, fundi 5, akiba ya vitu utakavyovikuta ndani 5. Umeshafika 60, na bado una mashine kuukuu isiyo na dhamana. Kwetu 50 ndiyo kikomo. Kwa hiyo bei yako ni 20, na ukiwa na karatasi ya oili na namba za geji mkononi, unayo hoja ya kuishusha.

Ukishainunua

Kwa mashine ya silinda mbili andaa: pistoni 2, seti 2 za ringi, pini 2 na beringi zake, klipu 4 mpya (za zamani hazirudi), gasketi seti, sili za kranki juu na chini, seti ya pampu, sili za mguu, seti ya kabureta, plagi 2, mpira wa petroli, na oili ya gia SAE 90.

Pistoni zinunuliwe kabla ya kuchonga. Ovasaizi za kawaida ni milimita 0.25 na 0.50, na mchongaji hupima pistoni uliyomletea, kila silinda na pistoni yake, akiacha nafasi iliyoandikwa kwenye kitabu cha modeli hiyo. Akimaliza, kagua kingo za matundu ndani ya silinda. Zikiachwa kali kama wembe, ringi itanasa na kukatika dakika za mwanzo. Zilainishwe kidogo. Kila ringi ina pini yake kwenye mfereji wa pistoni; miisho ya ringi ikae hapo hasa.

Nusu mbili za nyumba ya kranki hazina gasketi ya karatasi. Hufungwa kwa gundi maalumu isiyoyeyushwa na petroli. Silikoni ya kawaida huachia, hewa huingia kwa siri, silinda ya hapo hupata petroli pungufu na kuungua, kisha fundi analaumu pistoni feki. Bolti za hedi kaza kwa spana ya kipimo, kuanzia katikati kwenda nje, kwa awamu mbili. Flaiwili itolewe kwa pula (kifaa cha kuivuta), si kwa nyundo.

Saa kumi za kwanza koroga 25 kwa 1, yaani mililita 800 za oili ya TC-W3 (alama ya oili ya mashine za boti za mipigo miwili) kwenye lita 20 za petroli. Baadaye, kama kitabu cha modeli yako hakisemi vingine, 50 kwa 1, mililita 400. Oili ya mipigo miwili ya pikipiki haifai: imetengenezwa kwa injini inayopozwa na hewa, na mabaki yake hugandisha ringi. Saa ya kwanza usifungue mafuta kuzidi nusu, ukibadilisha mwendo mara kwa mara, karibu na ufuko na kasia zikiwa ndani ya boti. Zikiisha hizo saa kumi, mwaga oili ya gia kwenye karatasi nyeupe kwa namna ile ile, utie mpya, na upime mgandamizo tena. Namba hizo ziandike ndani ya kofia kwa kalamu isiyofutika.