Paipu Kabla ya Lipu: Kupanga Nyaya za TV, Dishi na Intaneti Kwenye Nyumba Mpya

Siku hizi Dodoma nyumba zinaota kama uyoga: Iyumbu, Nzuguni, Mkonze, kila upande. Mimi huitwa rangi ikishakauka. "Fundi, njoo utufungie dishi." Nikifika nakuta jipsamu ya ngazi tatu, ukuta laini kama yai, na hakuna tundu hata moja la kupitishia waya. Hapo yanabaki mawili: tutindue ukuta, au waya utambae juu yake kama mjusi. Kama nyumba yako ndiyo kwanza imefika kwenye linta, bado una nafasi.

Hatua ya 1: Chora kabla ya kutindua

Chukua ramani na kalamu nyekundu, pita chumba kwa chumba na wenye nyumba. Baba na mama wote wawepo, maana baba husema TV ikae hapa wakati mama keshapanga kabati palepale.

Kila mahali pa TV tenga nyaya mbili za dishi, RG6, na mbili za data, Cat6. Leo una king'amuzi kimoja. Ligi ikihamia kwingine utataka cha pili. Boksi la juu liwe kama mita 1.2 hadi 1.4 kutoka sakafuni, lijifiche nyuma ya TV. La chini liwe usawa wa soketi, kwa ajili ya king'amuzi. Unganisha mawili hayo kwa paipu ya milimita 40. Wengi huweka ya 20 halafu kichwa cha HDMI, waya wa kutoka king'amuzi kwenda TV, kinagoma kupita.

Weka alama pia kwenye dari ya koridoo kwa ajili ya Wi-Fi, na kwenye kona za nje kwa ajili ya kamera. Ruta moja sebuleni haitoboi kuta nne za bloku.

Hatua ya 2: Chagua kituo

Nyaya zote zirudi sehemu moja: stoo au kabati la koridoo. Usiruke toka chumba hadi chumba, kwani waya ukikatika cha kwanza, vyote vinazima. Hapo kituoni weka soketi mbili za umeme na mlango wenye matundu ya hewa. Jikoni hapafai, na chini ya tenki la maji hapafai kabisa.

Hatua ya 3: Paipu

Hapa ndipo kazi ilipo. Waya utaubadilisha baada ya miaka kumi. Paipu ikishafunikwa, imefunikwa. Tumia ya milimita 25, na kona zisizidi mbili kati ya boksi na boksi. Kona ziwe za kupinda taratibu, siyo elbo kali za maji. Ikienda sambamba na paipu ya umeme, ziachane sentimita 30. Zikilazimika kukutana, zikatizane kama msalaba. Juu ya dari funga paipu kwenye kenchi, mbali na bati. Jua la Oktoba linalipasha hilo bati sawasawa, na panya nao wana meno.

Ndani ya kila paipu acha kamba ya nailoni ya kuvutia waya baadaye. Halafu ziba midomo yote kwa karatasi ya mfuko wa saruji iliyokunjwa na kushindiliwa. Kuna nyumba nilisahau kuziba mbili tu. Fundi lipu akapita na mwiko wake, na saruji ikaingia ikagandia kwenye kona. Nilitindua kwa gharama yangu. Sasa hivi lipu ikiwa bado mbichi napita navuta kila kamba huku na huku; isiyocheza, tunafungua siku hiyohiyo.

Kutoka ukuta wa uzio hadi kituoni laza paipu nyingine ya faiba ya intaneti, kina cha sentimita 45 au zaidi, hata kama mtaani kwenu faiba haijafika.

Hatua ya 4: Mahali pa dishi

Satelaiti ya Azam ipo juu ya longitudo ya nyuzi 7 mashariki, na sisi tupo karibu nyuzi 36. Kwa hapa Dodoma dishi linatazama magharibi, likigeukia kaskazini kidogo, nyuzi kama 56 juu ya upeo. Ghorofa ya jirani au mwarobaini mkubwa upande huo ni tatizo. Ya DStv, nyuzi 36 mashariki, ipo karibu kabisa utosini mwetu, ikiinamia kaskazini. Ndiyo maana dishi lake hapa linaonekana limelala chali, na wateja hudhani nimelikosea.

Usilifunge kwenye bati. Upepo wa Dodoma wa kiangazi hautanii: bati likitikisika, dishi linatikisika, na picha inaanza kukatakata. Funga kwenye ukuta wa bloku au nguzo ya chuma iliyomwagiwa zege. Kabla waya haujaingia ukutani, uache uning'inie kama herufi U, maji ya mvua yadondokee hapo. Dishi na nguzo yake viungwe kwenye ethi (waya wa ardhini) ya nyumba, na radi zikianza Desemba, chomoa king'amuzi.

Hatua ya 5: Nunua waya, siyo rangi ya waya

Kwangua ncha ya Cat6 kwa kisu. Ikibaki nyekundu hadi ndani, ni shaba. Ikitokea nyeupe, ni aluminiamu iliyopakwa shaba: irudishe dukani, hasa kama utawasha kamera kwa waya huohuo. Kipande kimoja kisizidi mita 100; ndani ya nyumba hufiki huko, ila getini pima kwanza.

Hatua ya 6: Piga picha

Kabla ya lipu, simamisha futi kamba ukutani na upige picha kila ukuta, paipu zikiwa wazi. Ukishavuta nyaya, andika jina la chumba kwenye ncha zote mbili za kila waya. Picha hizo mtumie mwenye nyumba siku hiyohiyo, maana fundi wa makabati atakuja na drili yake kabla hujarudi.