Unataka kuku wasiletwe tena sokoni wamening'inizwa? Anzia pale wanapouzwa

Wiki ilopita alfajiri nilikua karibu na soko moja hapa Moshi, ikaja boda imebeba kuku kama thelathini hivi wamefungwa miguu vichwa chini, wengine kwenye usukani wengine nyuma, mmoja bawa lake limelalia ekzosi kabisa, manyoya yameungua yananuka na bado yuko hai, anafumba jicho anafumbua. Mama aliyekuja kuwapokea akamchomoa akamweka pembeni, akasema huyu wa supu. Machozi yalinitoka.

Wengi tukiona vile tunamgombeza dereva, anaondoka, kesho anakuja mwingine. Mimi nimefika mahali naamini tumgeukie mnunuzi pale mezani, maana asiporuhusiwa kumpokea kuku wa hivo basi hakuna atakayembeba hivo.

Hili limeshafanyika mbali huko, na linatufundisha. California, Marekani, mwaka 2018 wananchi wenyewe walipiga kura, karibu asilimia 63 wakakubali kwamba nyama ya nguruwe isiuzwe jimboni kama mama yake nguruwe alifungiwa kwenye nafasi chini ya futi za mraba 24, na mayai yatoke kwa kuku wasiofungiwa kwenye keji. Sa nguruwe karibu wote wanaoliwa California wanatoka majimbo mengine, wafugaji wa huko wakaenda mahakamani wakasema jimbo moja linatupangiaje mabanda yetu? Kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani, tarehe 11 Mei 2023 majaji 5 kwa 4 wakaiacha sheria iendelee kutumika. Wafugaji wenyewe hawakudai kwamba wanabaguliwa, maana sheria ilimbana mfugaji wa California sawasawa na wa nje, na jimbo lina haki ya kusema nini kiuzwe kwenye maduka yake.

Sisi hatuna majimbo ya namna ile, halmashauri haiwezi kutunga kitu kinachopingana na sheria ya Bunge. Ila hapa Bunge liko upande wetu, tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na halmashauri ina mamlaka ya kutunga sheria ndogo, masoko na machinjio yakiwemo. Kwaiyo fanya hivi.

Kwanza andika unachokiona, kwa wiki mbili tatu, siku, saa, kuku wangapi, wangapi wamefika wamekufa. Usipige picha sura za watu, utagombana bure na wale ndo unaowahitaji. Hiyo idadi ya waliokufa iandike vizuri sana, maana mtu wa kwanza atakayesimama atasema bei itapanda, na wewe utamuuliza hawa wanne waliofia njiani nani alilipa? Ongea na wauza kuku wenyewe kabla ya mtu yeyote, kaa nao, nunua chai, waulize tenga moja bei gani na linabeba wangapi. Mimi nilikuta mangi mmoja ameshaacha kupokea wa kuning'inizwa kwa sababu wanafika wamevia damu mapajani na wateja wa hoteli wanamrudishia. Mtu kama huyo ndo umwombe aongee mkutanoni, atasikilizwa kuliko wewe.

Alafu nenda kwa afisa mifugo wa kata, mwonyeshe daftari lako, mwombe mje wote kwenye mkutano wa mtaa. Hakikisha hoja inaingia kwenye muhtasari, mtendaji aiandike, isiishie kwenye makofi. Kutoka hapo inaenda kata, diwani wako anaibeba mpaka baraza la madiwani.

Diwani usimpelekee malalamiko, mpelekee maneno yaliyo tayari, hata mistari miwili. Mfano: "Hairuhusiwi kuuza, au kupokea kwa ajili ya kuuza, kuku aliyeletwa sokoni akiwa amening'inizwa kichwa chini. Kuku aletwe kwenye tenga lenye hewa, lenye nafasi ya yeye kusimama." Angalia, hapo sijasema kuku wa Singida wala wa Machame. Ukiandika "kuku wanaotoka nje ya wilaya" umeharibu, wataonekana wanafukuzwa wafanyabiashara wa kwingine, na haki yenyewe inapotea kwa sababu kuku wa jirani yako anaumia vilevile. Weka na muda wa kujiandaa, miezi sita sio mbaya, hata California walipiga kura 2018 na kipimo cha nguruwe kikapangiwa kuanza 2022.

Na usidandie kila kitu kwa pamoja jamani. Keji za mayai, kitimoto, ng'ombe wa mnadani wanaopigwa fimbo kwenye macho, vyote vinaniuma, ila hoja moja inayoonekana kwa macho inapita haraka kuliko kumi.

Baraza likiikubali rasimu haijawa sheria bado, wananchi wanatakiwa watoe maoni, alafu inaenda kwa waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa aidhinishe ndo itangazwe kwenye Gazeti la Serikali. Hapo kwenye maoni ndo wengi tunalala. Tangazo likibandikwa ofisi ya kata peleka karatasi, sio maneno ya mdomo, andika jina na mtaa wako, weka sahihi, na uondoke na kopi yako iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.