Boti Mbili za Besi Zilizotumika, Bei Karibu Sawa: Namna ya Kuamua Ununue Ipi

Anayetafuta boti iliyotumika ya kuvulia samaki wa ziwani aitwaye besi (bass) nchini Marekani, akishapunguza orodha yake, mara nyingi hubaki na boti mbili ambazo kwa maelezo ya tangazo hazitofautiani. Tuseme zote mbili ni za faibaglasi, zina urefu wa futi 19, zimetengenezwa miaka inayokaribiana, na kila moja ina mashine ya nguvu za farasi 200 na trela lake. Ya kwanza inauzwa dola 17,500, inang'aa, ina skrini mbili kubwa za kutambulia samaki na betri mpya. Ya pili inauzwa dola 16,000, rangi yake imefifia kwa jua, mshono wa kiti kimoja umefumuka, lakini mwenyewe ana bahasha ya risiti za fundi tangu alipoinunua. Wanunuzi wengi huondoka na ya kwanza kabla hawajaitazama ya pili ipasavyo. Mimi nasema hakuna anayeweza kujua ipi ni bora mpaka akague tezi, mashine na trela za zote mbili, kwa sababu hasara kubwa hujificha katika sehemu hizo tatu, ilhali kiti, zulia, rangi na skrini ni mambo ambayo gharama yake hujulikana kwa kupiga simu moja dukani.

Nitaanza na tezi, yaani ukuta wa nyuma unaobeba mashine. Boti ya besi ni fupi kwa kimo na pana, ina sitaha bapa mbele na nyuma ili mvuvi asimame akirusha chambo, na imeundwa kukimbia kwa kasi kutoka pembe moja ya ziwa hadi nyingine. Mashine ya nguvu za farasi 200 ina uzito unaozidi kilo 200, na uzito huo wote umening'inia nyuma ya ukuta huo. Kila wimbi linapoigonga boti, na kila trela linaporuka tuta barabarani, ukuta huvutwa nyuma na kurudishwa. Katika boti nyingi za miaka ya nyuma, ndani ya tabaka za faibaglasi mlikuwa na mbao za plaiwudi. Plaiwudi ikibaki kavu hudumu miaka mingi, lakini mtu akitoboa tundu la skrubu ili afunge kitambuzi cha samaki na asizibe vizuri, maji huingia kidogo kidogo na ubao ukaoza ndani huku nje ukionekana mzima. Watengenezaji waliachana na mbao kwa nyakati tofauti, kwa hiyo uliza habari za kampuni na mwaka hasa wa boti unayoitazama. Usikubali jibu la jumla kwamba boti za kisasa hazina mbao.

Ukaguzi wenyewe hauhitaji vifaa vya ajabu. Chukua mpini wa plastiki wa bisibisi, ugongegonge tezi kuanzia juu kwenda chini, kisha kutoka upande mmoja hadi mwingine, ukisikiliza. Sehemu nzima hutoa mlio mkavu na mkali, na sehemu iliyolowa hutoa mlio mzito uliokufa. Tazama boliti zinazoshika mashine: ikiwa washa zake, yaani pete bapa za chuma zilizo chini yake, zimezama ndani ya faibaglasi, ukuta umelainika. Tazama matundu ya skrubu karibu na mstari unaofikiwa na maji kama yanachuruzika maji ya rangi ya kahawia, hasa boti ikiwa imekaa siku kadhaa nchi kavu. Halafu inua mashine nusu, shika sehemu yake ya chini karibu na propela, uisukume chini na kuiachia mara kadhaa, mwenzako akiwa ameweka macho kwenye pembe ambapo tezi hukutana na ubavu. Mashine kucheza kidogo kwenye mabano yake ni jambo la kawaida. Ukuta ukipinda, au mpasuko ukifunguka na kufumba, achana na boti hiyo, kwa kuwa kuujenga upya ukuta huo hugharimu maelfu ya dola na mara nyingi hulazimu kupasua sitaha ya nyuma. Nyufa nyembamba kama nywele katika tabaka la juu linalong'aa ni jambo jingine. Nyingi hukaa juu tu na hazifiki kwenye nyuzi za faibaglasi, lakini ufa unaokamata ukucha, unaofuata mstari wa pembe au unaozunguka boliti, unastahili fundi wa faibaglasi autazame.

Kwa kuwa unalinganisha boti mbili zinazofanana, unayo nafasi ambayo mnunuzi wa boti moja hana: kuzipima uzito. Vituo vya malori katika barabara kuu za Marekani vina mizani ya umma, na malipo yake ni madogo. Boti hizi huwa na povu ndani ya sakafu ili zisizame zikijaa maji, na povu la zamani likilowa halikauki tena. Muulize kila muuzaji kama yuko tayari kulipeleka trela lenye boti mizanini, litenganishwe na gari na lipimwe peke yake. Toa uzito wa trela ulioandikwa kwenye kibati chake kama unaonyeshwa, toa mashine, betri na petroli, ambayo kila lita ni takriban kilo 0.74, kisha linganisha na uzito uliotolewa na mtengenezaji. Hesabu haitakuwa kamili, lakini ikiwa boti mbili za ukubwa mmoja zimepishana kwa kilo 100 au zaidi na huoni kifaa chochote kinachoeleza tofauti hiyo, basi nzito kati yake huenda imebeba maji ambayo hayatatoka.

Mashine ndiyo yenye thamani kubwa kuliko kitu kingine chochote hapo. Mwambie kila muuzaji mapema kwamba unataka kuikuta ikiwa ya baridi, na ukifika, weka kiganja juu ya silinda kabla ya mazungumzo mengine. Mashine iliyokwisha kupashwa moto asubuhi huwaka kwa ufunguo mmoja hata kama ina kasoro ya kuwaka. Baada ya hapo mlipe fundi asiyefahamiana na muuzaji apime kompresheni, yaani shinikizo la hewa ndani ya silinda zote, plagi zikiwa zimetolewa na betri ikiwa imejaa. Namba yenyewe hutegemea aina ya mashine na kipimo kilichotumika. La muhimu ni silinda zikaribiane, na tofauti kati ya iliyo juu na iliyo chini ikipita asilimia 10 hivi, pana swali linalohitaji jibu. Mashine kubwa nyingi za miaka ya karibuni zina kompyuta inayohifadhi saa ambazo zimefanya kazi, zikigawanywa kwa viwango vya mizunguko ya mashine kwa dakika. Taarifa hiyo ina maana kuliko jumla ya saa peke yake. Mashine yenye saa 600 ambazo nyingi zilikuwa za mwendo wa wastani naiamini zaidi kuliko yenye saa 250 ambazo nusu yake ilikimbizwa kwa nguvu zote, na mashine iliyokaa miaka mitatu bila kuwashwa inanitia wasiwasi kuliko zote mbili, kwa sababu petroli ya Marekani huchanganywa na ethanoli, ambayo hunyonya unyevu na kuharibu mipira na pampu ikiachwa tangini.

Mwombe fundi pia alegeze skrubu ya chini ya gia boksi na kuacha mafuta kidogo yatoke kwenye kiganja chake. Mafuta safi hupitisha mwanga. Yakiwa meupe kama maziwa, maji yamepenya kwenye sili, yaani mpira unaozuia maji yasiingie, na ikiwa kuna chembe za chuma zinazoonekana kwa macho, gia zenyewe zinasagika. Uliza impela ya pampu ya maji ilibadilishwa lini. Ni kipande cha mpira cha bei ndogo, kinachotakiwa kubadilishwa kila baada ya miaka michache, na muuzaji asiyejua jibu lake amekueleza mengi kuhusu namna alivyoitunza mashine nzima.

Ikiwa moja ya boti ina mashine ya mipigo miwili (two-stroke) na nyingine ya mipigo minne (four-stroke), usilifanye hilo peke yake kuwa la kuamua. Ya mipigo miwili hukamata kasi upesi na hutaka mafuta yake maalumu kila safari; ya mipigo minne hutumia petroli kidogo, haina kelele, na hudai kubadilishiwa oili kwa ratiba. La kuangalia ni vipuri na mafundi. Kwa mfano, kampuni ya BRP ilitangaza Mei 2020 kwamba inaacha kutengeneza mashine za Evinrude. Nyingi bado zinafanya kazi vizuri, lakini kabla hujanunua boti yenye mashine hiyo, hakikisha yupo fundi wa karibu anayeihudumia, na bei iwe imezingatia hilo.

Majaribio ya majini yafanyike kwa boti zote mbili siku moja au siku zinazofuatana, ziwa lile lile, watu wale wale, na tangi likiwa na kiasi kinachokaribiana, la sivyo hutakuwa unalinganisha chochote. Andika sekunde zinazopita tangu unaposukuma gesi hadi boti inapoacha kuinua pua na kulala bapa ikiteleza juu ya maji. Andika mizunguko inayofikiwa gesi ikiwa imefunguliwa yote, kisha ulinganishe na kiwango kilichotajwa na mtengenezaji wa mashine. Isipofika hapo, ama propela haifai, ama mashine imechoka, ama boti ni nzito kupita kiasi. Kata kona kulia na kushoto ukisikilizia usukani. Mkirudi, fungua kifuniko cha nyuma utazame ngamani, sehemu ya chini kabisa ndani ya boti ambako maji hukusanyika: maji kidogo yanaelezeka, lakini pampu ya ngama inayofanya kazi bila kupumzika inaficha tundu fulani. Wakati wote huo, kamba ya kuzimia mashine iwe imefungwa kwa anayeendesha. Tangu 1 Aprili 2021 ni sheria ya Marekani kwa boti nyingi za chini ya futi 26 zikiwa katika kasi, na hata isingekuwa sheria, mtu akitupwa nje ya boti inayokimbia bila kamba hiyo, boti inaweza kuzunguka na kumrudia.

Vifaa vya umeme nitavipitia haraka. Skrini hushuka thamani upesi, hivyo usizihesabu kwa bei ya dukani. Kagua waya zilizoko nyuma ya usukani na karibu na betri: viungo vilivyofungwa kwa utepe tu na fyuzi zinazokosekana ni ishara kwamba mwenye boti alijifungia vifaa mwenyewe, na huenda ndiye pia aliyetoboa tezi.

Trela lisidharauliwe, maana boti hizi mara nyingi husafiri barabarani maili nyingi kuliko zinavyosafiri majini. Kwenye ubavu wa kila tairi kuna tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT (Wizara ya Uchukuzi ya Marekani) zinazoonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa. 2317 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2017. Tairi la trela lililopita miaka sita hesabu kuwa la kubadilishwa hata kama meno yake ni mapya. Zungusha kila gurudumu likiwa limeinuliwa, usikilize beringi, kisha ujaribu breki na taa.

Upande wa hati, soma namba ya utambulisho ya boti yenye herufi na tarakimu 12, iliyoko upande wa kulia wa tezi. Mbili za mwisho huonyesha mwaka wa toleo. Ilingane na hati ya umiliki, na namba ya mashine vivyo hivyo. Taratibu hutofautiana kwa majimbo: Texas, kwa mfano, hutoa hati ya boti na hati ya mashine kila moja peke yake, na trela lina hati zake. Boti za chini ya futi 20 zina kibati kinachotaja nguvu ya juu ya mashine inayoruhusiwa. Ikiwa iliyofungwa inazidi hapo, kampuni ya bima inaweza kuikataa. Thibitisha pia kwamba hakuna benki inayoidai.

Sasa andika bei ya kila boti, ujumlishe matengenezo ambayo fundi ameyataja kwa miaka miwili ya mwanzo. Ile ya dola 17,500 ikihitaji matairi manne, impela na uchunguzi wa silinda moja dhaifu, inaweza kupita dola 19,000 kabla haijavua samaki hata mmoja, na ile iliyofifia inaweza kuhitaji kung'arishwa na kushonwa kiti tu. Hesabu inaweza pia kugeuka, na ikigeuka nunua inayong'aa bila wasiwasi. Zikikaribiana kweli, mimi ningechukua yenye risiti.

Wako wasomaji wanaowaza kuisafirisha boti ya aina hii Afrika Mashariki. Besi wapo Ziwa Naivasha nchini Kenya, walikoletwa kutoka Marekani mwaka 1929, na ziwa la namna hiyo likiwa limetulia inafaa. Lakini ubavu wake mfupi hauwezi mawimbi ya Ziwa Victoria wala ya bahari, na anayekusudia maji hayo atafute chombo chenye kina.

Ukishachagua, toa arbuni kwa maandishi yanayosema itarudishwa ikiwa hati hazitakamilika, na malizia malipo benki, hati za boti, mashine na trela zikiwa mezani na zimetiwa saini. Boti zote mbili zikishindwa kwenye tezi au kompresheni, usichague iliyo afadhali kati yake. Warudishie wauzaji funguo zao uendelee kutafuta.