Sukari ikianza kupanda, anzia kwenye sahani
Nilipima asubuhi kabla ya kula, mashine ikasoma 6.4 mmol/L. Kisukari huanzia 7.0, basi nilikuwa mlangoni. Kongosho lilikuwa bado linatoa insulini, homoni inayosaidia sukari kutoka kwenye damu kuingia kwenye seli, ila misuli na ini vilishaanza kuwa vizito kuitikia.

Ugali usiuache, badili mpangilio. Mimi naanza na matembele na dagaa, natafuna taratibu, ndipo namega ugali wa kiasi cha ngumi. Hapo sukari hupanda polepole. Ukimaliza, usikae! Nazunguka mitaa ya Magomeni dakika 15 mpaka shingo ilowe jasho. Misuli ikifanya kazi huvuta sukari hata insulini isipoitikiwa vizuri.

Na usingizi, jamani. Ukikosa usingizi, kotisoli, homoni ya msongo, huweza kupanda, nayo hulisukuma ini kumwaga sukari kwenye damu. Pima tena baada ya miezi 3.