Kukamua karatasi za magugu maji kwa presi ya jeki bila kuziharibu

Juma lililopita nilishinda Igombe, kando ya ziwa hapa Mwanza, na kikundi cha akina mama wanaotengeneza kadi na bahasha kwa magugu maji. Presi wanayo, jeki ya lori wanayo, na rojo lao (ule uji wa nyuzi zilizotwangwa) ni safi kuliko langu. Shida ni kwamba kila wakifungua presi wanakuta karatasi nyembamba katikati kama ganda la kitunguu, pembeni imevimba, na nyingine zimechanika zikiwa bado kwenye kitambaa. Mama mkubwa wa kikundi akaniambia, "Mwanangu, jeki hii ina mkosi, tumeshaiombea."

Nikamwambia, "Shikamoo mama, naomba nione mnavyopampu." Kijana wao akashika mpini, akapampu kama anainua Fuso yenye pancha. Dakika moja na nusu, jeki imefika mwisho. Nikacheka, maana nilijiona mwenyewe wa miaka michache nyuma. Niliahidi kuwaandikia, na nimeona bora nimwandikie kila mwenye presi ya namna hii.

Hatua ya 1: Rojo

Hapa sikai, kila mtu ana sufuria lake. Mabua tu, majani na mizizi tupa. Kata, chemsha na magadi, suuza, twanga.

Mambo mawili tu, kwa sababu yatakurudia kwenye presi. Kwanza, suuza mpaka maji yasiteleze tena vidoleni. Magadi yakibaki, na zaidi kostiki (soda kali ya kutengenezea sabuni) kwa wale wanaoitumia, yanakula blanketi za sufu tunazolazia karatasi. Pili, rojo la magugu maji matupu linang'ang'ania maji vibaya sana. Nyuzi zake ni fupi, lina ute na vumbi laini vingi, na maji yanapita humo kwa shida kama yanavyopita kwenye uji. Mimi nachanganya nusu kwa nusu na katoni zilizolowekwa, au naongeza mkonge kidogo uliokatwa vipande vifupi. Wapo wanaojivunia karatasi ya magugu asilimia 100. Wana haki yao, ila wajue watasubiri kwenye presi mara mbili ya muda wangu.

Hatua ya 2: Kulaza karatasi

Blanketi la chini liwe na unyevu, limelowekwa na kukamuliwa kwa mkono. Blanketi kavu haliikamati karatasi mbichi, litakung'ang'aniza uinue fremu (ile ya wavu uliyochotea rojo) na karatasi yake. Laza fremu kwa ukingo mmoja, ibingirishe kwenda ukingo wa pili, inua. Juu yake weka kitambaa cha marekani, kisha blanketi lingine, kisha karatasi nyingine, mpaka upate rundo zima, ndilo naliita bunda.

Kuhusu blanketi nina msimamo na sibadiliki: sufu, zile za kijivu nzito. Sokoni Mlango Mmoja kwenye mitumba unazipata ukiwa na subira ya kupekua. Zile laini za maua maua zenye manyoya ya plastiki waachie watoto walalie. Maji hayaingii ndani ya nyuzi zake, na manyoya yake yanaacha alama kwenye karatasi ambazo mteja atadhani ni ukungu. Osha blanketi kila baada ya mabunda matatu au manne. Likijaa vumbi la rojo linakuwa kama chujio lililoziba, na wewe utakaa unalaumu jeki.

Hatua ya 3: Kuweka bunda kwenye presi

Chini weka ubao mgumu usiopinda, juu ubao mwingine wa aina hiyo, na bunda likae katikati kabisa ya fremu ya chuma ya presi. Likiegemea upande hata kidogo, jeki itasukuma upande huo na ubao utaruka. Usisimame mbele yake. Jeki isimame wima, maana nyingi za aina hii zikipinduliwa hazisukumi. Weka sahani chini yake kwa ajili ya oili inayovuja.

Mtaniuliza kwa nini tusitumie mawe, Mwanza mawe tele. Pigeni hesabu. Karatasi ya A3 ina kama sentimita za mraba 1,250. Jiwe la kilo 100, ambalo linahitaji watu wawili kulinyanyua, linakandamiza kwa gramu 80 tu kila sentimita moja ya mraba. Jeki ya tani 20 inakandamiza kwa kilo 16 kila sentimita. Na ukitumia jeki hiyohiyo kwenye A2 unabaki na kilo 8, kwa sababu eneo limekuwa mara mbili. Mtu anahama kutoka A3 kwenda A2 halafu anashangaa karatasi zake zimeanza kutoka na maji. Jeki haijachoka, kazi ndiyo imekuwa kubwa.

Hatua ya 4: Kukamua

Hapa ndipo nilipopoteza siku zangu.

Ilikuwa masika, nina oda ya karatasi 60 za A3, jua linazama na umeme umekatika. Nikapanga bunda, nikapampu jeki mpaka mwisho ili niwahi nyumbani. Nikasikia mlio kama mtu kakanyaga nyanya. Rojo likatoka pembeni mwa blanketi, zito, likadondoka chini kama ugali mlaini. Karatasi 60 zote zikaharibika. Nikadhani ni kitambaa, nikabadilisha kitambaa. Bunda la pili likafanya vilevile. Nikadhani ni mchanganyiko, nikaongeza katoni, ikapungua kidogo ila haikuisha. Bunda la tatu nikalaumu blanketi. Mwisho mzee mmoja jirani, aliyewahi kufanya kazi kwenye kiwanda cha karatasi, akaja kuniangalia. Hakusema kitu mpaka nilipomaliza kupampu. Akauliza, "Sasa kijana, ulitaka haya maji yapite wapi?"

Akanieleza hivi. Karatasi mbichi ni nyuzi zinazoelea ndani ya maji. Ukiikandamiza taratibu, maji yanapenya kati ya nyuzi yanaingia kwenye blanketi. Ukiikandamiza kwa ghafla, maji hayapati muda wa kupenya, na kwa kuwa hayabonyei, yanatafuta njia ya pembeni. Yakikimbilia pembeni yanazibeba na nyuzi zenyewe. Ndiyo maana katikati panakuwa pembamba na pembeni panavimba.

Hata viwandani, alisema, karatasi haikutanishwi na mzigo mkubwa mara moja. Inaingia kwenye presi ikiwa na nyuzi kama asilimia 20, yaliyobaki ni maji. Inapita kati ya rola mbili ikiwa imeambatana na blanketi linaloitwa felti, kisha rola nyingine zinazokamua kwa nguvu zaidi, mpaka inatoka na nyuzi asilimia 40 hadi 50. Kule inapita kati ya rola kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, ndiyo maana zikabuniwa presi zenye kiatu kipana (kipande kinachoikumbatia rola) badala ya rola mbili tupu, ili karatasi ikandamizwe kwa muda mrefu zaidi. Kiwanda kizima kinahangaika kununua muda. Sisi wa jeki muda tunao bure na tunautupa.

Sasa ninavyofanya mimi, kwa bunda la karatasi 40 za A3:

Kwanza, ubao wa juu ukishawekwa, siigusi jeki. Naweka jiwe moja juu (hapo sasa mawe yana kazi) kwa dakika kumi. Maji yanaanza kutiririka yenyewe.

Naondoa jiwe, naweka jeki, napampu taratibu mpaka maji yatoke pembeni kwa unene wa kalamu ya risasi. Naacha mpini. Sigusi tena mpaka yabaki matone. Ndipo napampu mara mbili au tatu, maji yanakuja tena, naacha tena. Naendelea hivyo hivyo. Kufika mzigo kamili kunanichukua kama nusu saa, na kwa magugu matupu hata saa nzima.

Angalia rangi ya maji. Yakitoka kama chai ya rangi iliyo nyepesi, uko salama. Yakitoka meupe mazito na ukiyashika yana vinyuzi, simama hapo hapo, legeza jeki kidogo, subiri. Mara nyingi bunda linaokoka ukiwahi.

Ukifika mwisho, usiondoke. Bunda linaendelea kusinyaa na nguvu ya jeki inashuka bila wewe kujua. Rudi kila baada ya dakika tano upampu kidogo. Mimi naishikilia robo saa kwa karatasi nyembamba za bahasha, na dakika 40 kwa kadi nene. Watu hufanya kinyume: kadi nene wanaipa nguvu zaidi. Karatasi nyembamba maji yake yana safari fupi, hivyo nguvu ndiyo inayoamua. Kwenye nene maji yana safari ndefu, na kuongeza nguvu kunaongeza tu hatari ya kupasua. Nene inataka muda.

Na maji ya moto. Wengi wanaona ni uchawi. Maji ya nyuzi joto 60 yana mnato usiofika nusu ya ule wa maji ya nyuzi 20, yaani yanapenya kwa wepesi zaidi ya mara mbili. Naloweka blanketi kwenye maji ya moto, nazikamua, nalazia karatasi zikiwa bado za moto, na asubuhi zenye baridi ya upepo wa ziwa tofauti naiona kwenye ndoo inayokinga maji ya presi. Usichemshe rojo lenyewe kwenye beseni la kuchotea, utaunguza mikono bure.

Nimesema ndoo, kwa hiyo pima. Mzani wa jikoni unatosha. Karatasi yangu ya A3 ikikauka ina gramu 15. Kutoka kwenye fremu ina kama gramu 150, yaani nyuzi ni asilimia 10. Ikitoka kwenye presi nataka ipungue mpaka gramu 43, nyuzi asilimia 35. Zinaondoka gramu 107 kwa kila karatasi, na kwa bunda la 40 ni zaidi ya lita 4, bila kuhesabu maji ya blanketi. Ikiwa na gramu 60, sijakamua vya kutosha, na zile gramu 17 za ziada ni za jua. Mwezi wa Aprili jua halilipi madeni.

Hatua ya 5: Kufungua

Hili ni kosa la pili la kikundi cha Igombe, na lilikuwa langu pia. Wakishamaliza kukamua wanalegeza jeki, wanakwenda kupika, wanarudi baada ya saa nzima. Blanketi lililobanwa likiachiwa linatanuka, na karatasi nayo inatanuka. Maji uliyoyasukumia kwenye blanketi yanarudi kwenye karatasi. Umekamua nusu saa halafu umeinywesha tena.

Ndiyo maana kiwandani karatasi ikishapita rola inatengwa na felti upesi. Wewe andaa mbao za kuanikia kabla hujagusa jeki. Legeza, ondoa ubao, na watu wawili muanze kutenganisha mara moja, mmoja anainua blanketi, mwingine anachukua kitambaa na karatasi yake. Bunda la 40 lisizidi dakika kumi. Kama uko peke yako, tengeneza bunda dogo. Kama lazima uondoke, acha jeki imebana, usiilegeze.

Usiichune karatasi kwenye kitambaa kwa kuvuta kona. Igeuze juu ya ubao, pitisha brashi pana mgongoni mwa kitambaa, kisha kichune kitambaa kwa kukilaza nyuma. Karatasi inabaki imeshika ubao.

Hatua ya 6: Kuanika

Kivulini penye upepo. Jua kali linakausha kingo kwanza na karatasi inajikunja kama kaukau. Ikikauka itajiachia yenyewe kwenye ubao.

Igombe wanaanika kwenye vichanja vilevile vya dagaa, kwa sababu vipo na vina upepo mzuri. Nilinusa kadi moja waliyoipeleka mjini ikarudishwa, nikaelewa. Tumehamishia mbao nyuma ya nyumba ya mama mkubwa, upande ambao upepo wa ziwa unafika kabla haujapita kwenye dagaa.