Kipindi cha Jumatano: namna ya kuwafundisha kidato cha tatu mambo ya baada ya mtihani

Mimi ni mwalimu wa masomo ya biashara katika shule ya kata mkoani Tanga. Jumatano baada ya vipindi, muda ambao ratiba inauita elimu ya kujitegemea na shule nyingi huumalizia kwenye kufyeka majani, nina darasa la kidato cha tatu linalojifunza mambo ambayo Baraza la Mitihani halitayauliza. Walimu wenzangu wa shule za jirani wameniuliza naliendesha vipi.

Kwanza, siku. Usichague Ijumaa, nusu ya darasa iko msikitini na waliobaki wanawaza kwenda nyumbani. Pili, kidato. Watu hupenda kuwapa haya kidato cha nne wiki mbili kabla ya mahafali. Hapo umechelewa: wana mitihani ya utamilifu, wana kambi za kusoma usiku, na hawana masikio ya kitu kisicho na alama. Kidato cha tatu bado wana muda, na muda ndio unaohitajika kwa somo la kwanza, ambalo ni majina.

Waambie walete nakala ya cheti cha kuzaliwa. Baadhi watakuja mikono mitupu, na hao wakusanye kwanza: kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo kama kipo, barua ya mtendaji wa kijiji, halafu mzazi aende nao ofisi ya wilaya inayosajili vizazi kwa niaba ya RITA, wakala wa serikali wa usajili. Walio na cheti, wakae wawili wawili, kila mmoja asome herufi za mwenzake kwa sauti. Kwenye cheti ni Mwanaidi, kwenye usajili wa shule ni Mwanaid. Kwenye cheti ni Hamisi Juma Shekue, shuleni ni Khamis Juma tu, na babu kaachwa. Wanacheka sana. Waache wacheke, kisha waeleze kwamba mtu akitimiza miaka 18 NIDA, wanaotoa vitambulisho vya taifa, watamtaka cheti hichohicho, na Bodi ya Mikopo itamtaka kiwe kimehakikiwa na RITA, na majina yakigombana kuna wakili wa kulipa na kiapo cha kuapa. Mwalimu wa taaluma apewe orodha ya wenye matatizo kabla ya usajili wa mtihani wa kidato cha nne. Mimi humkabidhi mkononi, kwa sababu karatasi ikiachwa mezani pale ofisini huishia kufungia maandazi.

Somo hili linakula Jumatano nyingi. Usilifupishe. Mwalimu asiyefanya kingine chochote, afanye hili.

Baada ya hapo, fedha. Usianze na bajeti ya familia ya mfano, maana hawana mshahara na baba zao wengi hawana. Anza na kitu wanachokiona barabarani: mkataba wa bodaboda. Hapa kwetu mvulana anayemaliza bila kuchaguliwa kidato cha tano huwa anakimbilia huko, kwa hiyo nikamwita kijana wa kijiwe cha karibu aje na karatasi yake. Hesabu, yaani hela anayompelekea tajiri mwenye pikipiki, ni shilingi 10,000 kwa siku, siku 6 kwa wiki, mwaka mzima, kisha pikipiki inakuwa yake. Darasa likazidisha: 3,120,000. Nikawatuma waulize dukani bei ya pikipiki mpya ya aina ileile, wakarudi na namba, tukaziweka zote mbili ubaoni. Halafu tukamhoji. Siku ya kawaida anaingiza 22,000. Mafuta 7,000, hesabu 10,000, zinabaki 5,000, na humo kuna chakula, oili, tairi na akiba ya siku ya mvua. Akiumwa wiki, nani analipa hesabu? Mkataba ulikuwa kimya. Tajiri akifa? Kimya. Nani anashika kadi ya pikipiki? Tajiri. Kijana mwenyewe alisema hajawahi kuusoma hadi mwisho. Sikusema kazi ni mbaya, kwani wapo walioikamilisha na sasa wana mbili. Nilichotaka ni wajue maswali ya kuuliza kabla ya kutia dole gumba.

Ndiyo maana sialiki wahamasishaji. Anakuja mtu na maikrofoni, anawaambia waote ndoto kubwa, watoto wanapiga makofi, anaondoka na nauli yetu. Mama ntilie akija na daftari lake la madeni anafundisha zaidi, na hadai nauli.

Kutoka hapo nenda kwenye mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa inayorejeshwa kila siku. Chora ubaoni: umekopa 200,000. Fomu 10,000 inakatwa hapohapo, na 20,000 inaitwa akiba ya dhamana. Unaondoka na 170,000, unarudisha 10,000 kwa siku kwa siku 26. Waache wapige wenyewe: wamelipa 260,000. Hiyo "akiba" uliza wangapi wanaijua njia ya kuirudisha. Wasichana ndio hunyamaza zaidi hapa, maana mama zao wamo. Usimtaje mzazi wa mtu. Gusia pia programu za mikopo za kwenye simu: mwaka 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya zile zisizo na leseni, kwa hiyo somo ni kukagua leseni kwanza na kutoiruhusu programu isome majina yote ya simuni.

Kazi. Leta mkataba wa ajira, ufiche jina la mwajiri. Mingi imeandikwa kwa Kiingereza, basi hapo Kiingereza chao cha darasani kinapata kazi. Waoneshe kilichomo katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004: saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki, likizo ya mwaka siku 28, masharti ya kazi kwa maandishi. Anayekwenda Dar es Salaam kuwa dada wa kazi naye ni mfanyakazi. Lisemeni hilo wavulana wakisikia, kwa sababu kesho ni wao waajiri. Na tangazo lolote linalodai hela ya fomu kabla ya kazi, hiyo ni ndugu yake na utapeli wa simu wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Kazi za serikali huombwa bure kupitia Sekretarieti ya Ajira.

Njia za kusoma zipite haraka, zinafahamika kuliko tunavyodhani, ila rekebisha mawili. Watoto wanaamini aliyekosa kidato cha tano amekwisha. Mwambie ukweli: kidato cha tano kinataka C tatu, lakini D nne zisizo za masomo ya dini zinafungua ngazi ya cheti katika vyuo vingi vilivyo chini ya NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi, ingawa afya na fani nyingine zina masharti yao ya ziada. La pili ni VETA, vyuo vya serikali vya ufundi stadi. Fomu hutoka mapema, mara nyingi kabla ya matokeo, kwa hiyo anayesubiri Januari ndipo aamue, mlango umefungwa mbele yake.

Usitoe mtihani wa kipindi hiki. Ukiweka alama watakariri, na wazazi watauliza kwa nini mtoto wao kapata arobaini ya maisha. Dai daftari moja tu: nakala ya cheti, hesabu zote tulizopiga, na orodha ya namba za ofisi za wilaya.

Wakifika kidato cha nne, warudishe mara moja, Oktoba, kabla ya mtihani. Mtihani ni Novemba na kidato cha tano huripotiwa Julai. Kila mmoja ajibu kwa maandishi: utalala wapi Desemba, nani atakulisha hadi Julai, utafanya nini asubuhi, na simu ya nani tutaipata ukichaguliwa. Hizo karatasi zikae kwa mwalimu wa taaluma. Majina yakitoka, namba ya mwanafunzi huwa imeshabadilika, ya shangazi bado inapatikana.