Rubani wa akiba Marekani: hesabu pointi zako mpaka ukanali

Anza na uraia. Mwenye Green Card anaweza kuandikishwa askari wa kawaida, lakini ofisa lazima awe raia, na rubani ni ofisa. Mtanzania au Mkenya aliyeko kule amalize hilo kwanza.

Vikosi vya akiba vya Jeshi la Anga huchagua marubani wao vyenyewe. Peleka shahada, matokeo ya AFOQT (mtihani wa wanaotaka uofisa wa anga) na TBAS (kipimo cha kompyuta cha uwezo wa urubani), na saa zako za kuruka ndege ndogo, maana saa hizo hupandisha PCSM, alama ya kumpima mwombaji wa urubani, ambayo mwisho wake ni 99. Kisha nenda kikosini wakuone. Ukichukuliwa, utapita shule ya maofisa huko Maxwell, Alabama, halafu takriban mwaka mzima wa kujifunza kuruka. Siku ya kuvishwa mabawa unaanza kudaiwa miaka 10 ya utumishi.

Sasa pointi, yaani alama za utumishi zinazohesabiwa kwenye pensheni, na hapa ndipo wengi huumia. Pensheni inataka miaka 20 mizuri, na mwaka mzuri ni wenye pointi 50 au zaidi. Uanachama pekee hukupa 15. Wikendi moja ya mazoezi ni vipindi 4, yaani pointi 4, na kwa mwaka hufika 48. Ongeza siku 15 za kazi kamili, pointi moja kwa siku, upate 78 pamoja na zile 15 za uanachama. Rubani ana nyongeza ya vipindi vya kuruka, hadi 48 kwa mwaka, vinavyomfikisha 126.

Mwaka huo hauanzi Januari. Unaanza tarehe uliyoingia. Anayebadilisha kikosi au kuanza kazi kwenye shirika la ndege huahirisha wikendi mbili tatu akidhani ana muda, kumbe mwaka wake umefungwa akiwa na 49. Pointi hazipotei, ila mwaka hauingii kwenye ile 20. Andika tarehe yako ukutani, na uwe umefikisha 50 kabla ya mwezi wa tisa wa mwaka wako huo. Kila mwaka linganisha taarifa ya pointi na hati za malipo, na hati hizo usizitupe.

Ukanali hauletwi na saa za kuruka peke yake. Kamati ya vyeo husoma faili, haikuhoji. Maliza kozi za kijeshi za maofisa: SOS ukiwa kapteni, ACSC ukiwa meja na Air War College ukiwa luteni kanali. Zote husomeka kwa masafa. Kubali pia kuongoza watu, hata kama ofisi itakupunguzia anga. Luteni kanali kwa kawaida huondoka akifikisha miaka 28 ya uofisa, kanali 30.

Hesabu ya malipo: gawanya pointi kwa 360, zidisha kwa 2%, kwa aliyeingia tangu 2018. Miaka 20 ya pointi 126 ni 2,520, sawa na miaka 7, yaani 14% ya mshahara wa msingi. Kwa pointi 78 ni chini ya 9%. Fedha kwa kawaida huanza kutoka ukiwa na miaka 60.